Taifa ni Neno la Hesabu

Mtu akiambiwa kwamba Mombasa ina mataifa kumi na mawili, mawazo yake yatakwenda kwenye balozi za kigeni na bendera zao. Wenyeji wa Mji wa Kale hawayapeleki mbali hivyo. Kwao Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni. Wote hao ni Waswahili, wenye dini moja na lugha moja kwa lahaja zake, na kisiwa chao mtu anaweza kukimaliza kwa miguu kabla ya adhuhuri. Neno hilohilo ndilo linaloibeba leo Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, ndilo jina la timu yake ya mpira, na ndilo linalotaja umoja wa nchi 193 wenye makao yake New York. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba neno limekua tu: lilianza dogo likapanuka, kama mji unavyopanuka kutoka pwani kwenda bara. Maelezo hayo hayatoshi. Ukiyafuata matumizi ya neno hili kwa karne kadhaa, ukubwa wake unapanda na kushuka, lakini tabia moja haikuliacha: taifa ni fungu linalohesabiwa pamoja na mafungu mengine. Halijapata kuwa jina la watu waliosimama peke yao duniani. Limo kwenye orodha daima, na kila orodha ina mwandishi wake. Ndiyo maana kwa wasemaji wa Kiswahili ubishi juu ya maana ya taifa umekuwa, karibu kila mara, ubishi juu ya nani ashike kalamu.

Asili yake ni Kiarabu. Hapo hakuna mgogoro. Mzizi ni ule wa kuzunguka, uliotupa pia tawafu, mizunguko 7 ya hujaji kwenye Kaaba. Kutoka kuzunguka, maana ikahamia kwenye kipande cha kitu, na kutoka kipande ikahamia kwa watu walio sehemu ya watu wengi zaidi. Hili la mwisho ndilo la kushika. Katika Kurani, sura ya Tawba, aya ya 122, taifa ni wachache wanaotoka ndani ya kila kundi kubwa kwenda kujifunza dini. Katika Hujurat, aya ya 9, ni pande mbili za waumini zilizoingia vitani. Katika sura ya Nur, aya ya 2, ni watu wa kushuhudia adhabu ikitolewa, na wafasiri walibishana ni wangapi wanaotosha; wako waliosema hata mmoja anatosha. Taifa la mtu mmoja: wapo watawala ambao wangeipenda sana tafsiri hiyo. Baadaye, ukhalifa wa Cordoba ulipoanguka mwaka 1031 na Hispania ya Waislamu ikamegekamegeka, watawala wa vipande hivyo waliitwa wafalme wa mataifa, yaani wafalme wa makundi, na jina hilo halikuwa la sifa. Waturuki walilichukua neno wakalifanya mabaharia wa chombo kimoja. Katika Kiurdu wingi wake uliishia kuwa jina la wanawake waimbaji na wachezaji wa majumba ya anasa. Na Beirut ya leo taifa ni dhehebu: Wamaroni ni taifa, Wasuni, Washia na Wadruzi vilevile, na neno lililozaliwa humo ndilo jina la maradhi ya siasa za Lebanoni, ya kugawana vyeo kwa dhehebu. Kwa Mlebanoni, taifa ndicho kinachoizuia nchi yake isiwe kile ambacho sisi tunakiita taifa.

Msomaji makini atapinga hapa. Atasema asili ya neno haiamui maana yake. Wanaoamua ni wanaolitumia, na anayechimba mizizi ya Kiarabu ili kuieleza Tanzania anafanana na mtu anayetafuta tabia ya mtoto kwenye kaburi la babu yake. Pingamizi ni la haki, na Kiswahili chenyewe kinaliunga mkono. Zitazame tafsiri za Kurani kwa Kiswahili. Katika aya ya 13 ya Hujurat, inayozungumza juu ya wanadamu kuwekwa katika jamii mbalimbali ili wajuane, Kiarabu kina neno shuub, na watafsiri huweka mataifa. Katika aya ya 9 ya sura hiyohiyo, ambako Kiarabu kina taifa lenyewe, watafsiri huweka makundi. Yaani ndani ya sura moja, kwa umbali wa aya nne, neno la Kiarabu linanyimwa kazi yake ya kuzaliwa na mtoto wake wa Kiswahili anaajiriwa kwingine. Kwa hiyo hoja yangu haiegemei mzizi. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha kilichochaguliwa miongoni mwa vilivyokuwapo. Kiarabu kilikuwa na maneno mengine ya kutaja watu kwa ujumla wao, na Kiswahili kiliyafahamu. Umma kikalipeleka kwa watu wa kawaida na mali yao, ndipo tukapata mashirika ya umma. Umati ukawa msongamano wa watu uwanjani. Kaumu ikabaki vitabuni na kwenye mimbari. Kazi ya kuwataja watu wa nchi nzima ikapewa neno lililokuwa na maana ya kipande. Uchaguzi wa namna hiyo haufanyiki kikaoni, wala hakuna aliyeupigia kura. Lakini unaeleweka ukirudi Mombasa.

Majina ya mataifa yale kumi na mawili kwa sehemu kubwa ni majina ya miji: Kilindini, Changamwe, Jomvu, Mtwapa, Kilifi, na kaskazini zaidi Pate, Faza na Shaka. Wenyewe walifika Mombasa kwa nyakati mbalimbali, wengi wao wakikimbia mashambulizi ya Waoromo, ambao pwani iliwaita Wagala, katika karne ya 16 na ya 17. Mji uliachwa nyuma, jina likaja na watu. Kuta zikawa magofu ndani ya msitu, taifa likaendelea. Taifa la Mombasa basi lilikuwa mji uliokatwa kutoka ardhi yake: watu wanaotambuana kwa jina la mahali ambapo hawaishi tena. Ndiyo sababu maneno miji na mataifa yalipokezana pale, na wengi hadi leo husema Miji Kumi na Miwili. Lakini yaangalie majina ya miungano yenyewe. Thelatha ni tatu kwa Kiarabu, tisa ni tisa. Jina la muungano ni nambari, na ukiiondoa nambari hubaki na jina. Kilichowafanya wahamiaji hawa wawe taifa badala ya kuwa ukoo tu ni kuhesabika kwao katika mambo ya mji: nani anasikilizwa barazani, nani anapata ada, nani anamtoa tamimu, yaani kiongozi wa muungano, nani anaunga mkono mtawala gani. Wamazrui walioishika Mombasa hadi Sayyid Said alipoichukua mwaka 1837 walijua kwamba mji hautawaliki bila kupatana na pande zote mbili, wa matatu na wa tisa, na kila upande ulikuwa na marafiki zake bara: Wadigo na Waduruma kwa Thelatha Taifa, Wagiriama na wenzao wa kaskazini kwa Tisa Taifa. Kuzaliwa ndani ya taifa kulikuwa mlango mkubwa wa kuingilia, ila haukuwa mlango pekee. Mtu wa bara au wa ng'ambo aliweza kuingia kwa ndoa au kwa kujiweka chini ya jamaa fulani, na wajukuu zake wakahesabiwa humo. Jambo gumu lilikuwa kuishi mjini kama mtu kamili bila kuwa ndani ya nambari yoyote. Kisha Waingereza wakaja na daftari lenye safu zao, wenyeji upande huu na wasio wenyeji upande ule, na Miji Kumi na Miwili ikajikuta imekosa safu ya kukaa. Waliteta kwa miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu, kwa kuwa safu ndiyo iliyoamua kodi, shule na kura. Wako waliowacheka kwa hilo, wakawaita watu wanaoikana asili yao. Naona waliowacheka hawakuelewa kwamba watu hawa walikuwa wakitetea desturi ya zamani kuliko koloni, ya kuhesabiwa kwa hesabu waliyoizoea.

Unguja mambo yalikuwa karibu na hayo. Edward Steere, askofu wa misheni ya Kiingereza, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliliweka kabila kuwa fungu dogo kuliko taifa. Hakusema moja ni la Wafrika na jingine la wenye dola. Tofauti ilikuwa ya kimo tu, kama wilaya na mkoa. Wamisionari hao ndio waliolipa neno wingi wake mashuhuri. Biblia ya Kiswahili huwaita Mataifa watu wote wasio Wayahudi, kwa herufi kubwa, na Paulo ni mtume wao. Hapa hesabu imegeuka sura: kuna mmoja aliyeteuliwa, na kuna wengine wote, ambao wanatajwa kwa wingi na hawatajwi mmojammoja. Mkristo wa Masasi au wa Rabai aliyesoma habari hizo alijikuta yeye mwenyewe ndiye Mataifa. Sidhani kwamba matumizi haya yaliipa siasa msukumo wowote wa moja kwa moja. Yalilifanya mataifa kuwa neno la kila Jumapili, nalo neno linalosikika kila Jumapili halihitaji kufafanuliwa siku linapopandishwa jukwaani.

Mgogoro wenyewe ulikuwa Dar es Salaam. Kati ya vita kuu mbili, kwenye barua za wasomaji na makala za magazeti ya Kiswahili, kama Mambo Leo la serikali lililoanza 1923 na Kwetu la Erica Fiah lililoanza 1937, taifa lilitaja kile ambacho leo tungekiita rangi au asili. Wafrika walikuwa taifa, Wahindi taifa jingine, Wazungu taifa la tatu. Mwanahistoria James Brennan aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 2012 chenye neno hili kwa jina, akionyesha jinsi taifa na rangi vilivyoishi pamoja ndani yake. Mwandishi wa Kariakoo wa mwaka 1940 aliyelalamika kwamba taifa lake limeachwa nyuma hakuwa akiizungumzia Tanganyika. Alikuwa akiwazungumzia Wafrika, akiwapima kwa wenye maduka wa mtaa wa pili na kwa wenye nyumba za Oysterbay. Na aliyekuwa amemfundisha kupima hivyo alikuwa serikali: hospitali zilifuata rangi, shule zilifuata rangi, mishahara ilifuata rangi, na wakati wa vita hata mgawo wa chakula na nguo ukafuata rangi. Orodha ya mataifa matatu haikubuniwa kwenye mikahawa ya Kariakoo. Iliandikwa ofisini, ikasomwa mtaani.

Upeo wa hesabu hiyo ulikuwa mwaka 1955, gavana Edward Twining alipoliunda upya Baraza la Kutunga Sheria. Viti 30 vya uwakilishi viligawanywa sawasawa: 10 kwa Wafrika, 10 kwa Waasia, 10 kwa Wazungu. Wafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi, lakini kwa kuwa waliohesabiwa ni mataifa na si watu, matatu yakagawanya thelathini bila kubaki chochote. Hesabu ilikuwa nadhifu, na ndani ya unadhifu wake ndimo dhuluma ilimokaa. TANU, chama kilichozaliwa Julai 1954, ilikutana Tabora Januari 1958 ikabishana kama iingie katika uchaguzi ambao kila mpigakura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila asili. Walikubali kuingia, Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake cha Wafrika peke yao, na wagombea waliokubaliwa na TANU wa asili zote tatu wakashinda. Ushindi huo ndio ulioivunja orodha kutoka ndani: Mhindi na Mzungu waliingia barazani kwa kura za Wafrika, na baada ya hapo haikuwa rahisi kueleza walikuwa wakiliwakilisha taifa gani. Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wabunge kadhaa wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Wafrika. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliwaambia serikali yake itajiuzulu kama hoja hiyo ingepita. Kihistoria huo ulikuwa mjadala wa sheria. Kilugha ulikuwa ugomvi wa maana mbili za neno moja, maana ya asili na maana ya raia. Ilishinda ya pili. Lakini tusiisimulie kana kwamba ilishinda usiku mmoja, kwa kuwa TANU yenyewe haikuwafungulia wasio Wafrika uanachama hadi 1963. Maana mpya ya taifa ilichukua kama miaka 5 kukaa, mbele ya macho ya watu walioijua ya zamani na ambao wengine hawakuiacha.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, wanasiasa walilizunguka neno hili. Chama cha 1955 kilichojulikana kwa wote kama Hizbu kilikuwa na jina la Kiarabu lenye watan na raia wa Sultani ndani yake. Kilichotoka ubavuni mwake mwaka 1963, cha Abdulrahman Babu, kilijiita Umma. Wapinzani wao walijitaja kwa asili mbili zilizounganishwa, Afro na Shirazi. Sababu siioni katika kutolijua neno. Iko katika kulijua mno. Visiwani, ambako kila jumuiya ilikuwa na chama chake, cha Waarabu, cha Wahindi, cha Wafrika, cha Washirazi, kusema taifa kulikuwa kuuliza papo hapo: lipi? Hizbu walitaka neno lisilouliza hivyo, wakachagua nchi ya kuzaliwa. Babu alitaka neno linalowataja wengi dhidi ya wachache. Kila mmoja alijaribu kutoka kwenye orodha, na orodha ikawafuata hadi mapinduzi ya Januari 1964.

Kuna hoja nyingine inayostahili jibu refu zaidi ya ile ya asili ya neno. Inasema: tangu miaka ya 1950 taifa la Kiswahili ni kivuli tu cha neno la Kiingereza. Wanasiasa walisoma Kiingereza, wakatafuta neno la kulijazia nafasi, wakalipata hili, na yote ya Mombasa na Kariakoo yakafutika. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Jina la Umoja wa Mataifa ni tafsiri, na wimbo wa taifa ni tafsiri. Ila kivuli kinapaswa kufuata mwili kila uendako, na hiki hakifuati. Mtu wa nchi kisheria kwa Kiswahili ni raia, neno ambalo kwa Kiarabu lilitaja kundi la mifugo na watu walio chini ya mchungaji wao, na ambalo likapandishwa hadhi hapa kwetu. Hakuitwa kwa jina linalotokana na taifa. Kupenda nchi ni uzalendo, lenye kuzaliwa ndani yake. Kwa upande mwingine, taifa lilizaa kitenzi ambacho hakikupewa na yeyote: kutaifisha. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa, na hadi leo mahakama za Tanzania zikinyang'anya gari lililobeba magendo husemwa limetaifishwa. Hapo taifa limekuwa mwenye mali, kana kwamba ni mtu mwenye ghala. Na mwaka 1963 Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, jina linalokiri wazi kwamba taifa halikuzaliwa, liko kwenye jukwaa la waashi. Kule Nairobi ushahidi unachekesha kidogo. Gazeti la Kiswahili lililoitwa Taifa ndilo lililotangulia. Aga Khan akalinunua mwaka 1959, na gazeti la Kiingereza la Nation likafuata mwaka 1960. Safari hiyo Kiingereza ndicho kilichotafsiri.

Tofauti na lugha za Ulaya inaonekana pia hapo. Neno la Kilatini lililozaa majina yao ya taifa linatokana na kuzaliwa, na kwa sababu hiyo Wazungu wengi wamebishana kwa karne mbili kama taifa ni damu au ni ridhaa. Hata wao walipata kulitumia kwa maana inayofanana na ya Mombasa: katika Chuo Kikuu cha Paris wakati wa zama za kati, wanafunzi na walimu walipangwa katika mataifa manne, la Wafaransa, la Wanormandi, la Wapikardi na la Waingereza, kwa ajili ya kura na ada. Lakini damu imebaki ndani ya neno lao. Kwetu damu iko kwenye ukoo, mbari na mlango. Ardhi iko kwenye nchi. Taifa halikupewa lolote kati ya hayo mawili. Wanaolalamika kwamba tumekopa neno lisilo na mizizi wanaliona hili kuwa upungufu. Mimi naliona kuwa ndilo lililoiwezesha Tanganyika ya 1961 kubadilisha maana bila kubadilisha neno. Neno lenye kuzaliwa tumboni mwake lingempa Mtemvu hoja ya bure.

Je, watu hufa kwa ajili ya fungu la hesabu? Hili ndilo pingamizi lenye moyo ndani yake: taifa hulia, huimba, hupandisha bendera, na askari huzikwa wamefunikwa nayo. Nadhani jibu liko kwenye jinsi viongozi wanavyoanza hotuba. Husema ndugu wananchi. Hakuna anayesema ndugu wanataifa, na akisema, wasikilizaji watatazamana. Mwananchi ni mtoto wa nchi. Neno lina mama ndani yake na udongo ndani yake, na limependwa hata likavuka likaingia katika Kiingereza cha Kenya. Mapenzi ya wasemaji wa Kiswahili yamewekwa kwenye nchi, kwetu, nyumbani. Taifa limepewa kazi za kukabili nje: timu inayokutana na timu nyingine, wimbo unaopigwa kabla ya wimbo wa wageni, hifadhi ambayo watalii wanaijia, masilahi yanayotajwa panapokuwa na mkataba. Kila panaposemwa taifa, kuna mwingine anayesikiliza. Nakiri kwamba Baba wa Taifa halikai vizuri katika maelezo haya. Hapo Tanzania na Kenya zote zimelipa taifa mzazi, na mwenye mzazi ni mtoto, si fungu. Huenda ndiyo sababu jina hilo hutumika kwa mtu mmoja tu katika kila nchi na halirithiwi na anayefuata; ni jina la aliyekuwapo siku hesabu ilipoanza.

Kwa siku hizi panapochimbika zaidi ni kati ya taifa na kabila. Steere aliyaona kuwa madogo na makubwa ya kitu kimoja. Serikali za baada ya uhuru ziliyafanya maadui, ukabila ukawa dhambi na utaifa ukawa fadhila. Tanzania ilikwenda hadi mwisho wa mantiki hiyo kwa kuacha kuhesabu: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila la mtu. Kenya ilikwenda njia nyingine, ikaendelea kuhesabu, ikaruhusu katika sensa ya 2009 mtu ajibu kwamba kabila lake ni Mkenya, na kwa miaka mingi ikajisimulia kuwa nchi ya makabila 42. Mapema mwaka 2017 Wamakonde waliokuwa wameishi pwani ya Kenya kwa miongo bila vitambulisho walitangazwa kuwa kabila la 43. Julai mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kuwa kabila la 44. Ifikirie safari hiyo. Katika Dar es Salaam ya 1940 Wahindi walikuwa taifa, na kuwa taifa kulikuwa na maana ya kuwa nje. Nairobi ya 2017 iliwafanya kabila, na kuwa kabila kukawa na maana ya kuwa ndani. Maneno yamebadilishana viti, na kalamu imebaki mkononi mwa aliyekuwa nayo: waliopokewa walipokewa kwa nambari, kwa tangazo la rais, kabla tu ya uchaguzi mkuu.

Zanzibar nayo ilikuwa na Julai yake. Ubishi wake wa kisiasa huendeshwa kwa neno nchi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipotamka bungeni mwaka 2008 kwamba Zanzibar si nchi, visiwani palichafuka, na mwaka 2010 marekebisho ya Katiba ya Zanzibar yakaandika kwamba ni nchi, mojawapo ya mbili zilizoungana. Hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba ni taifa, kwa kuwa nchi mtu anaweza kujitangazia mwenyewe. Taifa linahitaji wengine wakuweke kwenye orodha yao. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliiweka, likaipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai, mwezi uleule Kenya ilipohesabu hadi 44, shirikisho hilo likaiondoa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Desemba, kwenye fainali iliyochezwa Machakos ya Kombe la Chalenji la CECAFA, shirikisho dogo la ukanda huu ambalo hesabu yake ni tofauti, Zanzibar iliingia uwanjani na wachezaji wake 11, ikatoka sare ya 2 kwa 2 na Kenya, ikashindwa kwa penalti.